Kibendera cha Mama Martha

Beji ya Minza ilikuwa imekaa wiki tatu ndani ya droo ya cherehani, chini ya mkasi na kopo la vifungo, na kila mtu katika nyumba ile ya Isevya, mjini Tabora, alijua kwamba ipo pale. Ilikuwa beji ya duara, ya bluu na dhahabu, ya mwamuzi wa mpira wa miguu wa daraja la kwanza. Kuishona kifuani mwa fulana ni kazi ya dakika tano kwa fundi, na mume wa Minza, Gerson Lugembe, alikuwa fundi.

"Baba Martha, na ile beji yangu?" Minza aliuliza Jumatatu asubuhi, akimwekea chai na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pembeni ya mashine.

"Uzi wa bluu umeisha."

Minza aliitazama sketi ya shule iliyokuwa chini ya sindano. Ilikuwa ya bluu, na uzi uliokuwa ukiishona ulikuwa wa bluu. Kitini zilikuwa zimebaki sketi nyingine kumi na nane za rangi hiyo hiyo. Akasema, "Haya," akachukua ndoo yake akaenda bombani.

Kule bombani wanawake walikuwa na maoni yao. Walisema Gerson anaona wivu kwa sababu mkewe anakimbia uwanjani na kaptura, na kwa sababu siku za mazoezi hurudi amepanda pikipiki ya Sadiki, mwamuzi mwenzao, kijana mwenye maneno matamu. Masikini Sadiki, angejua anavyosingiziwa asingempa mtu lifti tena. Gerson hakuwa na shida na Sadiki hata kidogo. Angewakuta wawili hao wakicheka mlangoni angewapita akaenda kutia mafuta mashine yake. Wivu wake ulikuwa mwingine, na ulimtafuna zaidi kwa sababu hakuwa na mtu wa kumshitakia. Alimwonea wivu mke wake mwenyewe: miguu yake, pumzi zake, macho yake, na jinsi alivyokuwa akinyanyua kibendera bila kusita.

Na ni yeye aliyemfundisha. Hapo ndipo palipouma. Miaka saba nyuma alitandaza kitambaa cha kijani juu ya meza ya kukatia nguo, akapanga vifungo ishirini na viwili, kumi na moja vyeupe na kumi na moja vyeusi, akamwonyesha kuotea ni nini. Akamfundisha na jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui. Goli likifungwa, mshika kibendera akiliona ni halali hukimbia kuelekea katikati ya uwanja. Akiona kasoro husimama pale pale alipo, kimya, mpaka mwamuzi wa kati amfuate waongee. "Ukisimama," alimwambia siku ile, "nitakuja. Hata uwanja mzima ukipiga kelele, nitakuja." Baadaye wakaenda wote kwenye mtihani wa mbio wa kupandishwa daraja. Minza alimaliza mizunguko yote. Gerson alikaa kwenye nyasi mzunguko wa nane, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Jumanne mchana Mwalimu Sixbert, mstaafu ambaye sasa alikuwa katibu wa chama cha waamuzi, aliegesha baiskeli yake mbele ya cherehani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Gerson. Mama Martha yupo?"

"Kaenda sokoni. Kama kuna barua yake, niachie."

"Barua ni yenu wote." Mwalimu alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati. "Jumamosi, fainali kule Nzega. Wenyeji wanacheza na Bukene, mshindi anapanda ligi ya mkoa. Wewe mwamuzi wa kati. Minza kibendera cha kwanza, Sadiki kibendera cha pili. Na Mzee Selemani atakuja kukutathmini."

Gerson aliacha kukanyaga mashine.

"Nisikilize vizuri," Mwalimu Sixbert akaendelea. "Kwa umri wako, mwakani sitaweza kupeleka jina lako tena. Ukifanya vizuri Jumamosi unapata daraja. Ukiharibu, utachezesha mechi za shule za msingi mpaka uchoke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Lakini mwalimu, kibendera cha kwanza apewe mtu mwingine. Yule ni mke wangu. Watu watasema."

"Watu wanasema tangu mwaka juzi. Nimekupa msaidizi mwenye macho kuliko wote mkoani hapa. Nimefanya hivyo kwa faida yako, Gerson." Mwalimu akapanda baiskeli yake akaondoka, hajui kabisa kwamba amemtia mwenzake pilipili kwenye kidonda.

Bibi Advera, mama yake Gerson, alikuwa kwenye mkeka akibangua karanga, na masikio yake yalikuwa mazima. "Kuliko wote," alirudia taratibu. "Mwanangu, zamani mwanamume alikuwa akisifiwa yeye, mke anafurahi. Siku hizi mke anasifiwa, mume anashona sketi."

"Mama, Jumamosi mimi ndiye wa kati. Yeye atakuwa chini yangu."

"Haya, tutaona kama atakaa huko chini."

Gerson aliirudia sketi yake, na mshono wa pindo ukaenda upande. Akaufumua, akashona upya, ukaenda upande tena.

Jumamosi, kule Nzega, waamuzi walibadilishia nguo katika darasa la shule iliyopakana na uwanja. Ubaoni kulikuwa na jedwali la mara saba. Gerson alilifuta nusu kwa kiganja, akachora uwanja kwa chaki.

"Kibendera namba moja," alisema bila kumtaja jina. "Kuotea ni kazi yako. Rafu niachie mimi. Usiniamulie mchezo."

"Na goli likiwa na kasoro?" Minza aliuliza.

"Utaratibu unaujua."

"Najua. Nataka useme, na Sadiki asikie."

Sadiki aliinamia viatu vyake ghafla. Gerson aliendelea kutazama ubao. "Ukisimama, nitakuja," alisema.

Mzee Selemani aliingia akiwa na kofia yake ya Ijumaa na daftari kubwa kwapani. Alikuwa amechezesha mpira tangu enzi za viwanja visivyo na nyavu, na waamuzi wote wa Tabora walimwogopa. Walimwamkia wote watatu. Akapokea, akawakagua mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu, akafika kwa Minza akaweka kidole kifuani pake, pale palipotakiwa kuwa na beji.

"Binti, wewe si ndiye uliyepanda daraja mwaka huu? Beji iko wapi?"

"Haijashonwa, mzee. Fundi wangu ana kazi nyingi."

Sadiki alicheka kabla hajajizuia. Mzee Selemani alimtazama Minza, kisha akamtazama Gerson, kisha akaandika kitu kwenye daftari. Gerson alihisi joto likimpanda mpaka masikioni. Alikuwa na hakika kwamba Minza amesema vile makusudi, ili amwaibishe. Minza alikuwa amesema vile kwa sababu ndilo jibu la adabu lililomjia haraka, lakini mtu mwenye wivu hasikii adabu, anasikia anachokitafuta.

Kwa dakika sabini na saba Gerson alichezesha vizuri, tena vizuri sana. Alikimbia kuliko alivyokimbia miaka mitatu iliyopita. Alitoa kadi mbili za njano na zote zilikuwa za haki. Wachimbaji wa dhahabu waliokuja kuishangilia Nzega walianza kumwita "Kamanda", na kila alipopita upande wa Minza alinyoosha mgongo.

Dakika ya sabini na nane timu zilikuwa bado sare, bila bila. Kapteni wa Bukene, kijana mrefu aitwaye Ngassa, alipata mpira mbele ya boksi lake, akampigia mwenzake pasi ya chini chini. Gerson alikuwa amesogea karibu mno. Mpira ulimgonga kwenye shavu la mguu wa kulia, ukabadili njia, ukamfikia mshambuliaji wa Nzega ambaye hakuwa hata anautafuta.

Hapa inabidi tuseme kidogo habari za sheria. Zamani mwamuzi alihesabiwa kuwa hewa. Mpira ukimgonga unaendelea, hata ukienda kwa adui, hata ukiingia golini. Gerson alisomea sheria hiyo, akaifanyia kazi zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2019 ikabadilishwa: mpira ukimgonga mwamuzi ukaingia golini, au ukaenda kwa timu nyingine, au ukaanzisha shambulizi la hatari, anapuliza filimbi, anasimamisha mchezo, halafu anaudondosha kwa timu iliyokuwa nao. Sheria hiyo mpya Gerson aliijua. Angeulizwa kwenye mtihani angepata alama zote. Lakini miguu na mikono ina kumbukumbu zake, na mikono yake miwili ilijirusha mbele yenyewe, kama ilivyozoea ujanani: endelea.

Mshambuliaji akaendelea. Akapiga, mpira ukamshinda kipa, na uwanja wa Nzega ukalipuka.

Mikono ilikuwa bado haijashuka Gerson alipokumbuka. Hata hivyo alinyoosha kidole katikati, goli, kisha akageuka kumtazama mshika kibendera namba moja.

Minza alikuwa amesimama. Kibendera kimelala pembeni ya paja, macho kwake, miguu pamoja. Wachezaji wa Nzega walikuwa wanarukiana, wa Bukene wanakimbia wakipiga kelele "Refa, umekugonga! Umekugonga wewe!", na katikati ya vurugu yote ile mwanamke yule alisimama kimya kama alivyofundishwa.

Gerson alimpungia mkono akimbie. Hakukimbia. Akampungia tena. Mzee Selemani, kwenye kiti chake, alikuwa amefungua daftari. Ikabidi aende. Mwendo wa mita arobaini aliuona mrefu, na mashabiki waliokuwa nyuma ya kamba walianza: "Anakwenda kumuuliza mama! Kamanda anaomba ruhusa kwa mama!"

"Kuna nini?" alimuuliza.

"Mpira umekugonga, mwamuzi. Mguu wa kulia. Ndipo ukaenda kwa yule wa Nzega."

"Hukuona vizuri. Uko mbali."

"Nimeona. Na wewe umesikia mguuni." Minza alishusha sauti. "Futa goli, dondosha mpira kwa Bukene. Watazomea dakika mbili, watanyamaza."

Alilisema kwa upole, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia binti yao Martha kwamba sketi imefunguka zipu. Hakulisema kwa kiburi wala kwa kejeli. Angekuwa na kejeli kidogo, Gerson angemsikiliza. Upole ule ulimmaliza. Aliona kwamba anasaidiwa, mbele ya Mzee Selemani, mbele ya watu elfu mbili, na mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe kwa vifungo.

"Kimbia katikati," alisema.

"Baba Martha."

"Hapa hakuna Baba Martha. Kimbia katikati."

Mshika kibendera hushauri, mwamuzi wa kati ndiye huamua. Minza alimtazama mara moja, akageuka, akakimbia katikati. Goli likabaki. Mechi ikaisha moja bila.

Vijana wa Bukene walikaa chini nje ya darasa, wengine wakilia waziwazi, na sauti ya Ngassa ilisikika dirishani ikisema wamefungwa na refa. Mzee Selemani alifunga mlango.

"Gerson, mpira ulikugonga au haukukugonga?"

"Nilisikia kitu mguuni, mzee. Nilidhani ni mguu wa mchezaji. Ndiyo maana nilimfuata msaidizi wangu."

"Vizuri. Akakwambia nini?"

Gerson alichukua chupa ya maji, akanywa, akaifunga. Angeweza kusema kweli hata wakati huo, na mzee yule aliyemwogopa angemkaripia, pengine angemsamehe. Lakini aliliona lile daftari, akaiona beji yake mwenyewe kwenye fulana yake mwenyewe, na maneno yakatoka laini kuliko alivyotarajia.

"Hakuniambia kitu. Nilimuuliza kama kuna kasoro, akasema hajaona vizuri."

Sadiki aliinua kichwa. Minza alikuwa anafungua kamba za viatu, na vidole vyake vikasimama.

"Kweli, binti?" Mzee Selemani aliuliza. "Ulisimama vile, uwanja mzima umekuona, halafu hukuwa na la kumwambia?"

Minza alimtazama mumewe. Gerson alitazama ubao, pale palipobaki nusu ya jedwali la mara saba. Minza alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, mechi nyingi mbele yake, na mumewe alikuwa na hii moja. Alipiga hesabu hiyo haraka, kama mke. Na alidhani jambo moja zaidi: kwamba mume aliyelindwa namna hii, wakibaki wawili tu, atasema ahsante.

"Sina la kuongeza, mzee. Kwenye ripoti yake aandike alivyosema."

"Sikuuliza ataandika nini. Nimeuliza kama ni kweli."

"Sina la kuongeza."

Mzee Selemani aliandika kwa muda mrefu.

Ndani ya basi la kurudi Tabora Minza alikaa dirishani akangoja. Hakutaka maneno mengi, sentensi moja ingemtosha. Walipita mashamba ya pamba na mahindi, wakapita stendi ndogo ambapo Gerson alimnunulia karanga za kuchemsha kwenye karatasi. Alizipokea, akampa mama aliyekaa kiti cha mbele. Mpaka wanashuka ile sentensi haikuja.

Na Gerson alikuwa na furaha, tusimfiche. Alikuwa na hofu kidogo, ndiyo, lakini chini ya hofu hiyo alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mtihani wa mbio, Minza alikuwa amekosea kwenye karatasi na yeye amepatia.

Barua zilifika baada ya siku tisa, zote mbili kwenye bahasha moja. Martha ndiye aliyezisoma kwa sauti barazani, kwa sababu bibi yake alitaka kusikia. Ya Gerson ilisema amependekezwa kupanda daraja. Ya Minza ilisema amesimamishwa miezi sita kwa kushindwa kumsaidia mwamuzi wa kati katika tukio la wazi, na kwamba arudishe beji ofisini.

Martha alimaliza kusoma akamtazama mama yake.

"Basi sasa mtu atatulia nyumbani," alisema Bibi Advera, akapepeta ungo wake.

Minza alikuwa anafua. Alisuuza nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaikamua, akaianika, akabana vibanio viwili. Ilikuwa ile fulana ya uamuzi, na kifuani ilikuwa bado tupu.

"Beji iko kwako, Baba Martha," alisema. "Sijawahi hata kuivaa. Ipeleke wewe."

Alisema hayo tu, akabeba beseni akaenda nyuma ya nyumba. Gerson alingoja alie, au agombe, ili naye apate la kujibu. Siku nzima hakupata. Chai ililetwa, chakula kililetwa, maji ya kuoga yaliwekwa. Kesho yake ikawa vile vile. Majirani walipita wakimpongeza, "Hongera fundi, tumesikia umepanda!", na kila aliyempongeza alimwona Minza nyuma yake akichambua mchele, na Gerson alianza kuwachukia waliompongeza.

Siku ya tatu, mchana, alifungua droo. Akasogeza mkasi, akasogeza kopo la vifungo, akaitoa beji. Alikusudia kuitia kwenye bahasha. Aliigeuza mkononi, akaona ilivyotengenezwa vizuri, nyuzi za dhahabu zilivyolala sawasawa, na wivu ukamchoma upya, mbichi kabisa, kana kwamba hajashinda kitu. Hapo alitishika. Alikuwa amemnyang'anya mke wake kila kitu na bado anamwonea wivu. Alikuwa anaionea wivu beji anayoipeleka kutupwa.

Alisimama, akaenda kwenye kamba akaichukua ile fulana. Kete ya uzi wa bluu ilikuwa kwenye mashine, kama ilivyokuwa wiki zote zile. Akaishona beji kifuani kuzunguka mara mbili. Hakupima kama imekaa sawa.

Mwalimu Sixbert alikuwa akimwagilia mchicha wake aliposikia kengele ya baiskeli. Gerson alimwamkia, akamkabidhi fulana. Mwalimu aliikunjua.

"Nilisema beji irudishwe. Hii imeshonwa."

"Imeshonwa, mwalimu. Ukiitaka utaifumua wewe. Mimi siwezi kuifumua, kwa sababu si ya kufumuliwa." Kisha akamweleza. Alianza vizuri, na katikati akaanza kujitetea habari za sheria ya zamani na mikono kujirusha yenyewe. Mwalimu alinyanyua kiganja.

"Mikono nimekuelewa. Mpira humgonga kila mwamuzi, hata mimi umenigonga mara nyingi. Mke wako alikwambia au hakukwambia?"

"Aliniambia. Aliniambia na mguu gani."

"Na darasani ukasema?"

"Hakuniambia kitu."

Mwalimu Sixbert aliweka ndoo chini. "Jina lako nalifuta, unajua hilo. Na Bukene hawatacheza ligi ya mkoa, goli likishaandikwa limeandikwa. Hilo nalo ulibebe." Alikunja fulana kwa uangalifu, beji ikiwa juu, akamrudishia. "Barua ya kumrudisha Minza nitaiandika leo. Lakini hukumsingizia mbele yangu mimi. Jumatano waamuzi wote watakuwa mazoezini."

Minza aliipokea fulana mlangoni. Alipitisha kidole kuzunguka mshono.

"Umemwambia nani?"

"Mwalimu Sixbert."

"Mlikuwa wawili tu?"

"Wawili tu."

"Mimi ulinisingizia mbele ya watu wawili, na Bukene wakasikia, na Martha akasoma barua." Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda tangu Nzega, na Gerson, ajabu, alipumua. "Nilikungoja kwenye basi, Gerson. Nilikungoja mpaka stendi."

Hakumwita Baba Martha. Akaitazama tena beji.

"Na imekaa upande," alisema.

"Niifumue?"

"Iache hivyo hivyo."

Jumatano saa kumi jioni waamuzi kumi na tisa walipanga mstari kwenye uwanja wa mazoezi. Mzee Selemani alikuja na kiti chake. Mwalimu Sixbert alisema kutakuwa na somo fupi juu ya mpira unaomgonga mwamuzi, na mwalimu wa somo ni Gerson Lugembe. Watu walipiga makofi. Walidhani ni heshima ya daraja jipya.

Gerson alisimama mbele yao na mpira mkononi. Alieleza sheria ya zamani, akaeleza ya sasa, akaeleza Nzega. Alimtaja Ngassa aliyepiga pasi, akaonyesha mguu wake wa kulia. "Msaidizi wangu alisimama," alisema. "Nilimfuata. Aliniambia, 'Mpira umekugonga, futa goli.' Nikamlazimisha akimbie. Halafu darasani nikasema hakuniambia kitu." Alitafuta pa kuweka macho, akayaweka kwa Sadiki, kwa kuwa Sadiki alikuwepo. "Sikumsikiliza kwa sababu namwonea wivu. Ni mwamuzi kuliko mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Selemani alivua kofia yake, akaichungulia ndani, akaivaa tena. Mtu mmoja nyuma aliguna, na pengine jioni ile ile neno lingefika bombani Isevya, lenye chumvi zaidi.

Minza alinyoosha mkono. Alikuwa mwisho wa mstari, na fulana yake ilikuwa na beji iliyokaa upande.

"Na mchezo unaanzaje tena, mwalimu?"

Gerson aliuhamishia mpira mkono wa pili. "Mwamuzi anaudondosha mpira kwa mchezaji mmoja wa timu iliyokuwa nao. Wengine wote wanakaa mbali, mita nne. Hauchezwi mpaka uguse ardhi."

"Tuonyeshe."

Akatoka mstarini akaja mbele yake. Wengine walirudi nyuma bila kuambiwa, mita nne na zaidi. Gerson aliushika mpira usawa wa kiuno. Aliiona miguu ya mkewe ikijipanga, myepesi, mmoja mbele mmoja nyuma, na wivu ulikuwepo, haukuwa umekwenda popote. Akauachia mpira.

Minza akausubiri uguse ardhi. Kisha akaupiga kwa nguvu zake zote, na mpira ukamgonga Gerson kifuani, ukamrudisha hatua mbili, ukabingirika nyasini.

Hakuna aliyepuliza filimbi. Gerson aliinama akauokota, mkono mmoja umeshika kifua.

"Dondosha tena," alisema Minza.